Ndege Ndogo, Hesabu Kubwa

Kwa jioni tatu, mimi na kijana wangu tumeunganisha na kupaka rangi ndege ya kivita ya plastiki, aina ya Harvard, iliyopunguzwa mara 72. Mabawa yake hayafiki sentimita 18. Nilifurahia sana ile kazi.

Kisha shosho akaiona mezani, akanyamaza. Wakati wa Mau Mau, kuanzia 1953, Harvard za Waingereza ziliruka kutoka Mweiga, hapa Nyeri, zikidondosha mabomu msituni Nyandarua. Kaka yake alikuwa humo.

“Tulikuwa tunazisikia tukiwa shambani,” akasema. “Hii yenu haina sauti.”

Je, ni dhambi kuipenda? Sidhani. Mikono yenye ustadi ni zawadi ya Mungu. Lakini chuoni, kwenye biashara, nilifundishwa kwamba hesabu ya upande mmoja ni uongo. Nilipima mabawa, sikuwapima waliokuwa chini yake. Mungu alimsikia Habili kutoka ardhini (Mwanzo 4:10).

Ndege bado iko pale mezani. Ila kijana sasa analijua jina la kaka yake shosho, na akiulizwa kuhusu ndege, analitaja kwanza.

Mpendwa, kabla ya Jumapili, muulize mzee mmoja wa kwenu. Amina.