Kubeba Kosa la Mwingine

Je, ni wema kuchukua adhabu ya kosa la mtu mwingine kwa sababu twampenda? Wengi watajibu ndiyo. Walakini jibu la upesi si jibu la haki daima.

Mwaka 2003 televisheni ya Uingereza ilionyesha mchezo uliotokana na riwaya ya Agatha Christie iitwayo Five Little Pigs. Mchoraji Amyas Crale anakufa kwa sumu iliyotiwa katika bia yake, huku akichora sura ya msichana Elsa. Mkewe, Caroline, anashitakiwa, wala hapiganii maisha yake; ananyongwa. Miaka mingi baadaye binti yao anamwendea mpelelezi Poirot, naye anaifumbua siri. Zamani Caroline, kwa hasira, alimrushia kitu ndugu yake mdogo, Angela, akamharibu jicho. Mumewe alipokufa alidhani kuwa Angela ndiye aliyemwua. Akapangusa chupa ya bia ili kufuta alama za vidole, kisha akanyamaza alipe deni la jicho lile. Kumbe muuaji alikuwa Elsa, aliyesikia kwamba picha ikiisha angeachwa.

Hapana shaka moyo wa Caroline ulikuwa mkubwa. Lakini dhana si ukweli. Alimpa Angela zawadi asiyoihitaji, na ndani ya zawadi hiyo mlikuwa na tuhuma ya kuua. Swali moja tu kwa ndugu yake lingaliweza kumwokoa, hakuliuliza.

Pengine mtu atasema kuwa deni ni lazima lilipwe. Ni kweli, lakini mdeni hulipa kwa mali yake mwenyewe. Caroline alilipa pia kwa machozi ya binti yake, ambaye hakuwa na deni lolote, akakua yatima mwenye jina la mtoto wa muuaji. Na mwenye hatia alitembea huru.

Jambo hili haliko mbali nasi. Mwanafunzi anayekubali kosa la rafiki yake mbele ya mwalimu hujiona shujaa. Na ajiulize kwanza: Je, najua kuwa rafiki yangu amekosa, au nadhani tu? Nani mwingine ataumia kwa kimya changu? Mapenzi yasiyouliza huweza kumfunika mwovu na kumwangamiza mwema. Anayetaka kujitoa kwa ajili ya mwenzake na autafute ukweli kwanza, ndipo ajitoe.