Huwezi Kulishtaki Bonde la Ufa

Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Suswa, kwenye barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Narok. Ufa ulipita katikati ya mashamba, ukakata barabara, na kuna sehemu ulikuwa na kina cha mita 15 hivi. Familia zilifungasha vitu zikahama. Siku chache baadaye, video za droni zilikuwa zimezunguka dunia nzima na kichwa kimoja cha habari: ati Afrika inapasuka vipande viwili.

Mimi ni mtu wa mawe. Chuo niliacha, na jiolojia sikuisoma darasani hata siku moja. Nimefunzwa na simu, bando za usiku na udadisi. Tuko wengi. Tetemeko likipiga Japani saa tisa usiku, tuko macho tukibishana kuhusu kina chake. Volkeno ikianza kufuka Kongo, tunaamshana. Kwa hivyo swali ninaloliuliza nalielekeza kwetu sisi wenyewe: kuna ubaya gani kustaajabia kitu kinachombomolea mwenzako nyumba?

Jibu la haraka ni kwamba hakuna ubaya. Kustaajabu hakujamuumiza mtu. Na Bonde la Ufa ni ajabu kweli, si maneno ya watalii. Bamba la Somalia linaachana na Bamba la Nubia kwa milimita chache kila mwaka. Kucha zako zinakua haraka kuliko hivyo. Lakini mara moja moja Bonde huamua kukimbia. Septemba 2005, kule Dabbahu katika jangwa la Afar, Ethiopia, mwamba ulioyeyuka ulijipenyeza chini ya ardhi kwenye mstari wa kama kilomita 60, na kuna mahali ardhi ilitanuka hadi mita 8. Hizo ni karne nyingi za mwendo wa kawaida, zimetembewa mara moja. Hata stima iliyochaji simu yangu, sehemu yake imetoka Olkaria, kwa mvuke wa Bonde hilohilo.

Sasa turudi Suswa. Wanajiolojia wengi walioutazama ule ufa walitoa maelezo yasiyo na shangwe. Udongo wa pale ni majivu ya volkeno, laini, yaliyojaza nyufa za zamani. Maji ya mvua yalipita chini kwa chini, yakabeba udongo kidogo kidogo, mpaka juu pakakosa cha kusimamia pakaporomoka. Wengine walisema hata hizo nyufa za zamani ni kazi ya Bonde. Ni mjadala halali, na mimi naupenda.

Lakini angalia vile kila hadithi inagawa lawama. Kama ni bara linapasuka, hakuna wa kuulizwa. Huwezi kulishtaki Bonde la Ufa. Halina ofisi wala sanduku la posta. Kama ni maji yaliyokula udongo, maswali yanaanza papo hapo: maji ya barabara yanaelekezwa wapi? Nani aliyepima ardhi kabla ya watu kujenga? Waliohama wanalipwa na nani? Hadithi kubwa ilipendwa kwa sababu ni tamu, sawa, lakini pia kwa sababu haimdai mtu chochote.

Wale wajuaji wa upande wa pili hawakuwa bora zaidi. Walicheka wakasema, "Ni mmomonyoko tu." Hiyo "tu" inanisumbua mpaka leo. Kwa mtu ambaye nyumba yake imekatwa, "tu" inamaanisha nini?

Kuna atakayeniambia: bila huo uongo wa bara kupasuka, nani angeitazama Suswa? Ni hoja nzuri. Kamera zilikuja kwa ajili ya ufa, na watu wakaonekana kwenye kona ya picha. Ila macho yaliyoitwa na hadithi huondoka na hadithi. Barabara ilijazwa mawe, magari yakapita, ikasemekana ni udongo kumbe, na dunia ikatafuta ajabu nyingine. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, eneo hilohilo la Mai Mahiu, maji yalishuka kwa nguvu yakaua makumi ya watu. Mwanzo ilisemekana bwawa limepasuka. Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, njia yake ya chini ikiwa imezibwa na takataka. Hapo hapakuwa na bara la kusingizia. Palikuwa na njia ya maji ambayo mtu angeweza kuizibua.

Sisi wapenda mawe tuna dawa yetu, nayo ni miaka milioni. Mwenye nyumba akinitumia ujumbe wa kodi, nafikiria milima iliyosagika ikawa mchanga, na usingizi unakuja. Kwa kipimo hicho mimi ni vumbi, na deni langu ni vumbi. Sioni kosa hapo, kwa sababu shida ninayoipunguza ni yangu. Ya mwingine sina ruhusa ya kuipunguza. Nikimwambia mama aliyehamishwa kwamba katika miaka milioni mingi hapa patakuwa bahari, nimesema jambo ambalo huenda likawa kweli, na bado nimemkosea. Ukweli wa kipimo kimoja nimeutumia kuziba mdomo wa kipimo kingine. Dawa hiyo mtu hujinywesha mwenyewe, hamnyweshi mwenzake.

Sitaacha kustaajabu. Nitaendelea kukesha na ramani za matetemeko, kwa sababu anayeijua ardhi ndiye anayeweza kusema mapema, "Hapa msijenge," au "Hapa mzibue." Ila kila ufa ukitokea, kuna maswali mawili ya kuuliza kwa pamoja: umetokana na nini, na ni nani alikuwa amelala juu yake? Bonde halina haraka. Aliyehama ana haraka. Anatafuta pa kulala leo.