Namba Tasa

Waliotutafsiria hisabati waliamua kuziita namba tasa. Namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 7 au 13, ikapewa jina la mbuzi asiyezaa, jina ambalo mwanamke akiitwa ni tusi. Nimekuwa nikiandika programu za kuzitafuta zile kubwa, na swali linalonisumbua limo humo humo ndani ya jina: kisichozaa kina haki gani ya kulishwa?

Maana kinalishwa. Nikiwa likizo nyumbani Kilosa, kompyuta inakesha, na uniti za LUKU anazonunua shangazi zinapungua. Ninazotafuta zinaitwa za Proth: chukua namba witiri, izidishe kwa 2 iliyojizidisha mpaka ikaipita, kisha ongeza 1. Kwa mfano, 3 × 4 + 1 ni 13. Kuipima ni rahisi ajabu. Toa 1, ubaki na 12. Nusu yake ni 6. Zidisha 2 mara sita, upate 64. Gawanya kwa 13, kinabaki 12, yaani 13 kasoro moja. Ukipata baki la namna hiyo, namba yako ni tasa, hakuna ubishi. Kanuni hii ni ya mwaka 1878, ya François Proth, mkulima wa kijijini karibu na Verdun, Ufaransa, aliyejisomea hisabati mwenyewe na kufariki mwaka uliofuata. Namba moja ya aina yake, iliyopatikana mwaka 2016, ina tarakimu 9,383,761.

“Zinasaidia nini?” shangazi aliuliza.

Jibu la kawaida ni usiri: benki na simu hulinda taarifa zetu kwa namba tasa. Ni kweli, ila za kazi hiyo zina tarakimu mia chache tu, na kompyuta huzipata upesi. Ya tarakimu milioni tisa hakuna benki inayoihitaji. Kumjibu hivyo ili aendelee kununua umeme ni utapeli.

Kusini mwetu, Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, inatetewa vivyo hivyo: tembo wanaleta watalii. Tamko la Arusha la 1961 (si Azimio la 1967) lilitaja pia mshangao tunaoupata kwa wanyamapori. Siku hizi nasikia fedha tu. Mwaka 2020 korona ilipozuia watalii, je, tembo walikosa sababu ya kuishi? Sidhani. Lakini mkulima aliyekanyagiwa mahindi ana haki ya kuuliza mshangao wa wengine unalipwa na shamba la nani. Hapo ndipo hoja yangu ya uzuri inapokwama, si kwenye faida.

Kwa hiyo uniti za usiku nanunua mimi, na shangazi nilimwambia ukweli: hazisaidii kitu, nazipenda tu. Akauliza kama iko ya mwisho. Nikamwambia haipo, Euclid alishathibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

“Sasa mwanangu, utaacha lini?”