Mvua ya Mola na Tope la Waja

Asimamaye ufukweni Malindi baada ya mvua kubwa za bara, akaelekeza macho kaskazini ambako mto Sabaki huingia baharini, huona maji mekundu yakitanda juu ya maji ya buluu, na baina yao mstari dhahiri, kana kwamba kila upande umekatazwa kuvuka hadi yake. Kurani Tukufu imekitaja kizuizi kilichoko baina ya bahari mbili, tamu na ya chumvi, kwa jina la barzakhi. Nami kila niyatazamapo maji yale hurejewa na swali la kale: je, neema yaweza kugeuka nakama?

Baharini huishi vijimea visivyoonekana kwa jicho tupu, ambavyo wataalamu huviita fitoplanktoni, navyo, kama mpunga shambani, huishi kwa nuru ya jua na rutuba. Mto ujapo kwa kadiri, huviletea naitrojeni, fosforasi, na silika ambayo baadhi yao hujengea maganda. Vikastawi, kamba na samaki wakashiba, na mvuvi wa Ngomeni akahimidi. Lakini zijapo mvua kama zile zilizoifurikisha Kenya mwaka 1961 na tena 1997, tope huziba nuru, na vijimea vya karibu na mlango wa mto hudhoofika hali vimezungukwa na riziki. Vilivyozoea chumvi hushindwa kuyahimili maji matamu, ambayo kwa wepesi wake hulala juu na kuyazuia ya chini yasipande. Mbali zaidi, tope likishazama, rutuba hukutana na nuru, vikachipuka kwa wingi. Na vikizidi kuliko walaji wake, hufa, vikazama na kuoza, na uozo huo ukala oksijeni ya viumbe wa chini. Ngoma ikilia sana hupasuka.

Yuko atakayesema kuwa hiyo ni kadari, na mja hana la kuhoji. Mafuriko yalikuwako kabla ya jembe, hilo silikani. Ila wekundu ule wote haukushuka na wingu, kwani sehemu yake kubwa ni udongo wa miteremko iliyofyekwa misitu ikalimwa pasi na matuta. Mvua ni ya Mola. Tope, kwa sehemu kubwa, ni amali yetu. Basi aulizaye kwa nini bahari imetiwa giza, na alitazame kwanza jembe lake.