Kabla Joho Halijavaliwa

Mahafali ya kidato cha nne yakianza kupamba moto, Septemba na Oktoba, sisi wapiga picha hatujui tushike lipi tuache lipi. Viwanja vya shule hujaa majoho, mashada yanayometameta na wazazi waliosafiri usiku kucha. Mhitimu huwekwa katikati, baba kulia, mama kushoto, keki mbele. Anaambiwa acheke, anacheka. Picha hiyo ina heshima yake. Mzazi aliyeuza mahindi ili mwanawe asome ana kila haki ya kuitundika sebuleni. Lakini inasimulia furaha ya ukoo kuliko inavyomsimulia kijana, nami naamini kila anayemaliza shule anastahili picha nyingine iliyo yake mwenyewe.

Marekani jambo hili ni desturi ya siku nyingi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari hupigwa picha peke yake, na wengi huja na kitu wanachokipenda: mpira, gitaa, hata mbwa. Aliyenifunza zaidi ni Dawoud Bey, mpiga picha Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1953. Kwa miaka mingi alizunguka shule za sekondari nchini mwake, za wenye nacho na za wasio nacho, akiwapiga picha wanafunzi madarasani na kuwaomba waandike habari zao kwa maneno yao. Kitabu chake, Class Pictures, kilitoka mwaka 2007. Unautazama uso, unadhani umemjua mtu; unasoma alichoandika, unarudi kumtazama upya.

Kwa hiyo kabla ya kutoa kamera mimi huuliza. Ukiwa na mawazo unakwenda kukaa wapi? Unapenda nini ambacho hapa shuleni hakuna aliyewahi kukuuliza? Mwanzoni hujibu wanachodhani mtu mzima anataka kusikia: udaktari, uhandisi. Nawaacha. Tukikaa kidogo, mengine huja. Binti mmoja alinipeleka kwa mama yake mdogo, fundi cherehani, akaketi kwenye mashine na futi ya kupimia shingoni. Mabega yake yakatulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona shuleni. Kijana mwingine alitaka avae shati la marehemu baba yake. Lilimpwaya, mikono ikafika vidoleni. Mjomba wake akasema tulibane kwa pini mgongoni. Kijana akakataa kwa adabu: "Hapana, mjomba, liache hivyo hivyo." Sikumwambia acheke. Alinitazama moja kwa moja, na katika macho yale kulikuwa na mtu mzima anayeanza kufika.

Vifaa havinisumbui sana. Mlango ulio wazi unatosha, au kivuli cha ukuta saa kumi jioni jua likiwa limelegea. Kamera naishusha usawa wa macho yake, maana ukimpiga kutoka juu unamrudisha utotoni.

Rangi ya ngozi, hiyo siichukulii kimzaha. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, na watu weusi wakatoka kama vivuli. Leo simu nyingi zinang'arisha uso zenyewe, na wapo wenzetu wanaoongeza weupe wakidhani wanampendezesha mteja. Binti wa miaka 17 akiona amepunguzwa weusi ndipo akasifiwa, ameambiwa jambo baya sana kuhusu uso wake, tena na mpiga picha aliyelipwa. Weusi wake naupima kwa mwanga wake, nao unatoka na joto na kina chake.

Picha ikikamilika naichapa na kumkabidhi yeye kwanza. Kuiweka mtandaoni ni uamuzi wake pamoja na wazazi wake, si wangu.

Novemba mhitimu huyu ataingia chumba cha mtihani akiwa namba, na ni haki iwe hivyo, msahihishaji asimjue. Baada ya hapo watu watamwuliza alama alizopata, kwa muda mrefu. Naziomba shule zitenge siku moja, wiki moja kabla ya mahafali, waje wapiga picha wa mtaani, na kila mhitimu apewe nusu saa ya kuulizwa yeye ni nani na kusikilizwa mpaka amalize.