Mlima Mrima na Suala la Amana

Nishati safi huanzia shimoni. Sumaku zilizomo katika magari ya umeme na mitambo ya upepo hutengenezwa kwa madini adimu, na madini hayo, pamoja na niobiamu, yamo chini ya Mlima Mrima, kusini mwa Kwale. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kwamba hazina hiyo ina thamani ya dola bilioni 62.4. Mwaka huohuo serikali ikaifutia leseni. Kampuni ikaishtaki Kenya kwenye usuluhishi wa kimataifa, ikashindwa Oktoba 2018 kwa kuwa leseni ilitolewa bila masharti ya sheria kutimizwa, tathmini ya athari kwa mazingira ikiwa mojawapo. Kesi ilikwisha, suala la maadili likabaki, maana Mrima ni kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wadigo, na wangali wapo wanaoumezea mate. Je, haja ya dunia nzima inatosha kuhalalisha kuvunjwa kwa kitu ambacho watu wachache wanakiona kitakatifu?

Haja peke yake haitoshi, na mtu halazimiki kuamini mizimu ili alione hilo. Kaya ni amana, na mshika amana hana ruhusa ya kuiuza hata bei ikiwa nono, kwa sababu mali si yake. Waliomkabidhi wamekwisha kufa, na watakaoipokea hawajazaliwa. Hakuna kati yao atakayehudhuria baraza la chifu. Miiko ndiyo inayowasemea. Kaya Kinondo, kule Diani, mgeni hufungwa shuka nyeusi kabla ya kuingia, na haruhusiwi kutoka na chochote alichokiokota humo. Utafiti wa sera hauna mwiko wa namna hiyo. Hupima faida, hasara na fidia, na kwa hesabu hizo kila kitu kinauzika. Kinachobaki ni kupatana bei.

Wadigo wengi ni Waislamu, na baadhi yao watauliza iwapo kuutukuza msitu si shirki. Ingekuwa shirki lau ungeabudiwa. Lakini Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Ahzab, inaeleza kwamba mbingu, ardhi na milima vilikataa kubeba amana, akaibeba mwanadamu. Basi yeye ndiye atakayeulizwa. Fiqhi nayo inaitambua hima, ardhi inayozuiliwa kwa maslahi ya umma, na wakfu, mali isiyouzwa wala kurithiwa. Kutunza si kuabudu.

Hoja nzito zaidi ni ya riziki. Kijana wa Msambweni asiye na kazi hashibi utakatifu wa mlima, wala si haki kumjibu kwa mawaidha. Tuutazame basi mgodi ulio jirani. Base Titanium ilisafirisha shehena yake ya kwanza mwaka 2014 na kumaliza kuchimba Desemba 2024. Ilileta ajira na mrabaha, lakini mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza alikuwa bado yuko shule ya msingi mgodi ulipofungwa. Kule Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa tangu 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko, na mapato yake hugharimia maji na shule. Fedha hizo ni chache zikilinganishwa na za mgodi, ila mtaji haujaliwa.

Itasemwa kwamba tabianchi ni dharura, na dharura hulegeza makatazo. Kweli, lakini fiqhi huiruhusu kwa kiasi chake tu, na pale isipokuwapo njia nyingine. Madini adimu yanachimbwa kwingineko duniani, ilhali Mrima ni mmoja. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayetaka kuchimba. Na kabla ya kuhesabu tani na dola, mtafiti aanze na swali moja: wenyeji wakikataa, kukataa kwao kutaheshimiwa? Kama jibu ni hapana, vikao vyote vya kuwashauri ni vya kuwaarifu tu.