Mama Alikwenda Kutembea

Kila Desemba Marangu hujaa. Magari kutoka Dar es Salaam yanapanda mlima yakiwa yamelemewa na watu na mizigo, mbuzi wanachinjwa, ndizi zinamenywa kwa masufuria, na ndugu ambao mwaka mzima tuliwasikia kwenye simu wanakaa tena kwenye mabenchi ya uani. Mwaka huu nilikuja na binti yangu wa miaka 6, pamoja na rasimu ya tasnifu yangu ya uzamili katika falsafa ambayo niliapa nitaimaliza likizo hii.

Sikuimaliza. Siku ya tatu binti yangu alikuta daftari kwenye kabati la bibi yake, chini ya vitambaa vya meza. Lilikuwa daftari la shule, lile la kurasa 80 lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na ndani yake kulikuwa na maua. Mama aliyachora kwa penseli na baadhi akayatia rangi kwa kalamu za wanafunzi. Chini ya kila ua aliandika tarehe na mahali: mfongo wa juu, darajani, njia ya Kinukamori. Binti yangu alifunua hadi katikati, kisha akauliza, "Mbona huku hakuna kitu?"

Najua kwa nini hakuna kitu. Nimekaa na jibu hilo miaka 18.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hivyo likizo zake zilikuwa likizo zetu. Juni ilikuwa ya baridi na ukungu, tukishinda jikoni karibu na moto. Desemba ndiyo ilikuwa ya raha. Mvua za vuli zikishapungua, asubuhi Kibo inaonekana yote, na Mama alikuwa mtu mwingine kabisa. Alitufundisha kutengeneza gari la mgomba lenye magurudumu ya ndizi mbichi. Alishindana nasi kurusha mashua za majani kwenye mfongo, maji yakizipitisha kwenye kihamba chetu hadi cha jirani, na aliyeshindwa alichota maji. Alikuwa akidanganya. Aliisukuma mashua yake kwa kijiti akidhani hatuoni.

Lakini alasiri, mara mbili au tatu kwa wiki, Mama alivaa raba, akachukua daftari na kuondoka. Akikutana na mtu njiani aliulizwa, kama ilivyo kawaida yetu, "Unakwenda wapi?" Alijibu, "Kutembea." Jibu hilo liliwasumbua watu. Kwetu kutembea ni kwenda kumwona mtu: unatembea kwa shangazi, unatembea kwa mgonjwa. Kutembea pasipo kufika kwa mtu ni mambo ya wazungu, na sisi watu wa Marangu tunawajua wanaotembea hivyo. Wanashuka kwenye magari pale lango la hifadhi, wanatembea siku 5 au 6, na sisi tunawabebea mizigo.

Baba alikuwa mmoja wa wabebaji. Msimu ukikolea alipanda na kilo 20 kichwani, Mandara, Horombo, Kibo, kisha akarudi na midomo iliyopasuka kwa baridi. Alipokuwa nyumbani alishinda Marangu Mtoni akicheza drafti kwa vizibo vya soda. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mwanamume aliyetoka mlimani anapumzika.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Baba alikuwa kwenye drafti. Bibi mzaa baba alikuwa bondeni akikata majani ya ng'ombe. Mama alinikabidhi mdogo wangu wa miaka 4, akasema mtori uko jikoni, nisimwache aingie, yeye hatakawia. Nilikuwa na miaka 10. Wenzangu wakaniita kucheza rede nje ya uzio, nikaenda. Niliposikia kilio, sufuria lilikuwa limeshapinduka kwenye mafiga na mkono wa kushoto wa mdogo wangu ulikuwa umeungua kutoka kiwiko hadi vidole.

Alipona. Leo yuko Arusha, ana kovu, na huwaambia wasichana kwamba alipigana na chui. Ila siku ile hatukujua kama atapona, na ukoo ulipokusanyika jioni swali lilikuwa moja tu: mama yake alikuwa wapi? Mtu akajibu kwamba alionekana darajani, amekaa kwenye jiwe, anachora maua. Nakumbuka kimya kilichofuata. Bibi akasema angekuwa sokoni tungeelewa.

Kesho yake Mama alichuma jani la isale kwenye uzio, akaliinamisha kwa mikono miwili mbele ya Bibi. Kwa Wachagga anayekujia na isale amekuja kuomba msamaha, na isale halikataliwi. Bibi akalipokea. Yakaisha. Mama hakusema kwamba aliniachia mimi mtoto. Mimi sikusema kwamba nilitoka. Na Mama hakwenda tena kutembea. Likizo iliyofuata alianza kufuga kuku wa mayai, na watu wakamsifu kwamba sasa ana mradi.

Nilipofika chuo kikuu nilikutana na makala ya Bernard Williams ya mwaka 1976 kuhusu bahati katika maadili. Williams anamtumia mchoraji Gauguin, au mtu wa kubuni anayefanana naye, anayeitelekeza familia ili akachore. Gauguin wa kweli alikuwa na mke na watoto 5, na mwaka 1891 alipanda meli kwenda Tahiti. Swali la Williams ni kama kufaulu kwa mtu huyo kunaweza kumpa uhalali ambao hakuwa nao alipoondoka. Darasani tulibishana saa 2. Mimi sikuchangia neno. Nilikuwa nikifikiri juu ya mwanamke ambaye hakwenda Tahiti, alikwenda darajani, na ambaye angerudi kabla ya giza kupika.

Bahati inahusika hapa, hilo ni wazi. Mama alikuwa ametoka mara nyingi kabla ya Jumanne ile, akituacha kwa namna ileile, na hakuna aliyemlaumu kwa kuwa hakuna aliyeungua. Lakini bahati haielezi kila kitu. Mwaka huohuo mtoto wa jirani alivunjika mguu akianguka kwenye mparachichi wakati mama yake yupo sokoni Mtoni anauza ndizi. Watu walimpelekea yule mama sukari na pole. Naye alikuwa amewaacha watoto peke yao, na mbali zaidi. Tofauti ilikuwa kwamba yeye alikuwa anahangaika na Mama alikuwa anafurahi. Kwa hiyo nimefika kuamini kwamba ukoo wetu haukumhukumu Mama kwa kutokuwepo. Ulimhukumu kwa raha yake.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Mtu anaweza kusema hivyo ndivyo inavyopaswa: haja hupunguza lawama. Anayewaacha watoto ili walale wameshiba hana la kuchagua. Anayewaacha ili achore ua amechagua. Nakubali hoja hii hadi mahali fulani. Lakini ingekuwa ndiyo kanuni tunayoishi nayo, Baba naye angeulizwa, maana drafti haijamshibisha mtu. Mimi pia ningeulizwa, maana nilikuwa kwenye rede. Jumanne ile watu watatu wa nyumba yetu walikuwa wakicheza, kila mmoja kwa namna yake. Aliyebeba isale ni mmoja.

Hata lugha haiko upande wake. Shuleni tulifundishwa neno uraibu kwa maana ya jambo ambalo mtu hupenda kulifanya wakati wa mapumziko: kukusanya stempu, kusoma riwaya. Leo nikilisikia kwenye taarifa ya habari ni uraibu wa dawa za kulevya au wa kamari. Neno moja linabeba kitu kinachompumzisha mtu na kitu kinachomla. Ndiyo maana wengi wetu tukiulizwa tunapenda nini tunakimbilia kutaja mradi. Unaoka keki? Uza. Unapiga picha? Fungua ukurasa, tafuta wateja. Penzi lisiloingiza kitu linahitaji kujitetea.

Na bado neno shule lina siri yake. Tulilipata kwa Wajerumani, nao walilitoa katika Kilatini, na Kilatini katika Kigiriki, ambako skholē ilimaanisha wasaa, muda usio wa kazi. Aristotle aliandika kwamba tunashughulika ili tupate wasaa. Ni kweli pia kwamba wasaa wa watu wa aina yake ulisimama juu ya migongo ya watumwa na wanawake. Nadhani urithi huo haujatuacha: tunaamini katika mapumziko, mradi tu awepo mtu fulani asiyepumzika. Nyumbani mtu huyo kwa kawaida ni mama.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 8, inapoorodhesha wajibu wa mzazi haitaji chakula, malazi na matibabu tu, inataja pia haki ya mtoto kucheza na kupumzika. Naipenda orodha hiyo. Mama aliitimiza kabla haijaandikwa, kwa mashua za majani na magari ya mgomba. Lakini Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 24, linasema ni kila mtu mwenye haki ya kupumzika. Kila mtu. Sijaona mahali panaposema haki hiyo hukoma mtu akizaa.

Nimejaribiwa kumtetea Mama kwa njia rahisi: kwamba maua yale yalitufaa sisi. Na yalitufaa. Nilijifunza kutazama kitu kwa muda mrefu kwa sababu niliona mtu akifanya hivyo. Kwenye ukurasa mmoja kuna ua jekundu na njano lenye mkia uliojikunja, na ni chuoni ndipo nilipolitambua: Impatiens kilimanjari, ua ambalo haliko popote duniani ila kwenye mlima huu. Mama hakujua jina hilo. Alilichora mara 4, kwa tarehe 4, kana kwamba halikumridhisha.

Lakini utetezi huo nimeukataa. Nikisema alikuwa na haki ya kuchora kwa sababu watoto wake walifaidika, nimemrudisha palepale: hata raha yake inakuwa kazi ya malezi. Susan Wolf, katika makala ya mwaka 1982, aliuliza kama tungependa kuwa watu ambao kila dakika yao ni ya kutenda wema, wasio na nafasi hata ya kupiga ala ya muziki. Jibu lake ni hapana, na si kwa sababu muziki unaongeza wema. Kuna mambo mazuri ambayo ni mazuri bila kuomba ruhusa kwa maadili. Nadhani maua ya Mama yalikuwa miongoni mwao.

Nisichoweza kukiepuka ni mkono wa mdogo wangu. Uliungua, na hakuna makala inayoupoza. Nikijiuliza kilichokosekana Jumanne ile, sioni kwamba kilikosekana kichwa cha Mama kuwa na wajibu. Kilikosekana mtu mzima mmoja uani. Zamani wangekuwepo: vihamba vimegusana, na shangazi au mke wa baba mdogo yuko umbali wa sauti. Wakati wetu nyumba nyingi zilikuwa zimefungwa hadi Desemba ya sikukuu. Raha ya mzazi inahitaji mtu wa kumshikia mtoto. Hilo ni deni la wengi, na tulimlipisha mmoja.

Na mimi? Mtoto wa miaka 10 hana kosa la mtu mzima. Lakini miaka 10 ilipita, nikawa na 20, kisha nikawa mama, na bado sikusema. Binti yangu aliponiuliza kuhusu kurasa tupu nilimjibu kwamba Bibi alichoka. Ulikuwa uongo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Jioni ile nilitoka nikachuma isale kwenye uzio uleule. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Nilimwinamishia kwa mikono miwili, nikamwambia siku ile nilitoka kwenda kucheza rede, na kwamba nilimwacha abebe peke yake.

Alilitazama jani. "Nilijua," akasema. "Viatu vyako vilikuwa nje ya uzio."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Ningesema ili iweje? Ulikuwa mtoto, ulikuwa unacheza." Akalipokea isale kwa kuwa halikataliwi, akaliweka dirishani, akarudi kwenye mchele.

Sikupata kitulizo nilichokitarajia. Alikuwa ameilinda haki yangu ya kucheza kwa kuitoa yake, na hakuna jani linalorudisha miaka 18 ya alasiri.

Kesho yake, baada ya chakula, aliniuliza, "Leo mchana upo?"

"Nipo."

"Na mtoto?"

"Ninaye mimi. Tutakuwa mfongoni, tunarusha mashua."

Akaingia ndani, akatoka amevaa raba na ameshika daftari. Binti yangu akamuuliza anakwenda wapi. Alijibu kwa neno lake lile moja, na binti yangu akataka kumfuata. Nikamshika mkono.

"Mwache Bibi," nikamwambia. "Njoo tutafute majani."